Mazoezi na Handikapu: Kinachomshusha Mchezaji wa Ridhaa

Mchezaji wa gofu mwenye handikapu ya 20, mwenye kazi na familia, akiamua kufanya mazoezi kila wiki bila kukosa, atashuka hadi wapi? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu gofu ni miongoni mwa michezo michache inayompa mtu wa ridhaa namba rasmi inayomfuata kila anakokwenda. Mcheza soka wa mtaani anaweza kujidanganya miaka na miaka kwamba kiwango chake kimepanda. Mcheza gofu ana kadi. Lakini namba hiyo, ambayo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mchezaji alivyo bora, ina tabia zake, na asiyezijua atayalaumu mazoezi kwa kosa lisilo lao au kuyasifu kwa kazi ambayo hayakuifanya. Msimamo wangu ni kwamba mazoezi yana nguvu kubwa sana kwa mchezaji wa ridhaa, kubwa mno kuliko bei ya fimbo zake, ila nguvu hiyo inakaa kwenye ukawaida na mpangilio. Wingi wa mipira peke yake unafanya kazi ndogo.

Namba yenyewe kwanza. Kuanzia Januari 2020 dunia ya gofu ilianza kuiacha mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali na kuhamia mfumo mmoja, unaoendeshwa kwa pamoja na R&A ya St Andrews, Scotland, na USGA, chama cha gofu cha Marekani. Mchezaji hupata handikapu akisharudisha kadi zenye jumla ya mashimo 54, na kikomo cha juu ni 54.0, awe mwanamume au mwanamke. Baada ya hapo kila kadi hupimwa kwa ugumu wa uwanja ilikochezewa. Chukua mtu aliyemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 95 kwenye uwanja ambao mchezaji wa handikapu sifuri hutarajiwa kupiga 72. Amezidisha mikwaju 23. Uwanja nao una kipimo kinachoonyesha unavyomtesa mchezaji wa kawaida kuliko unavyomtesa mchezaji bora. Kipimo hicho huanzia 55 hadi 155, na uwanja wa kiwango cha kati umewekwa kuwa 113. Kama uwanja wetu una 130, zile 23 zinazidishwa kwa 113, zinagawanywa kwa 130, na kadi inasomeka 20.0. Mikwaju hiyohiyo 95 kwenye uwanja wa 113 ingesomeka 23.0. Ndiyo maana kulinganisha mikwaju mitupu ya viwanja viwili ni kujisumbua bure.

Kutoka kwenye kadi 20 za mwisho, mfumo huchagua nane zilizo bora na kutafuta wastani wake. Kumi na mbili zinazobaki haziingii kwenye hesabu. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Handikapu haimwambii mtu anavyocheza siku zote. Inamwambia anavyoweza kucheza siku mambo yakimkubali. Mchezaji wa kawaida huifikia handikapu yake au kuipita takriban mara moja katika raundi nne au tano, na siku nyingine zote anapiga zaidi. Hata ndani ya kadi moja kuna kinga: kila shimo lina kikomo cha mikwaju inayohesabiwa. Mwenye mkwaju mmoja wa nafuu, anaopewa kwa handikapu yake, kwenye shimo la mikwaju minne, hata akipiga 10, mfumo unaandika 7. Balaa la shimo moja linaweza kumtoa mtu kwenye mashindano ya Jumamosi bila kuigusa handikapu yake kwa kiasi hicho.

Tazama basi mazoezi yanavyoingia humo. Kuna mazoezi yanayoongeza uzuri wa siku nzuri, na kuna yanayopunguza ubaya wa siku mbaya. Ya kwanza huonekana kwenye namba mapema. Ya pili yanaweza kumpa mtu mwaka mzima wa gofu bora zaidi, kadi zake mbovu zikatoka 108 hadi 99, akawa mshirika anayetafutwa kwenye mashindano ya wawili wawili, na handikapu isisogee hata nukta moja. Mtu huyo akisema mazoezi hayajamsaidia kitu, anajidhulumu. Kipimo alichotazama hakikutengenezwa kuona kile alichokirekebisha. Kwa sababu hiyo namshauri kila anayeanza ratiba ya mazoezi aandike pembeni wastani wa kadi zake zote 20, mbaya na nzuri, auweke kando ya handikapu. Namba mbili hizo zikisomwa pamoja zinasema ukweli ambao moja peke yake haiwezi kuusema.

Jambo jingine ni kwamba handikapu hushuka upesi na kupanda polepole. Kadi nzuri mpya huingia miongoni mwa zile nane mara moja, lakini kadi nzuri ya zamani haitoki mpaka kadi 20 nyingine ziwe zimeingia nyuma yake. Anayecheza mara moja kwa wiki anahitaji karibu miezi mitano kuzungusha kadi zote. Tena mfumo wenyewe huzuia kupanda: namba ikishapanda kwa zaidi ya 3.0 juu ya ile bora ya miezi 12 iliyopita, ongezeko la ziada hukatwa nusu, na haiwezi kuvuka 5.0. Mtu aliyeacha mazoezi mwezi Machi anaweza kuwa na handikapu ileile mwezi Julai, akahitimisha kwamba mazoezi yalikuwa kupoteza muda. Deni lake bado linakuja.

Wanasaikolojia nao wamelichimba sana swali la mazoezi, hasa tangu mwaka 1993, K. Anders Ericsson na wenzake walipochapisha uchunguzi wao juu ya wapiga fidla wa Berlin. Waliona kwamba waliofika juu zaidi walikuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya makusudi, yaani mazoezi yenye shabaha ya kurekebisha udhaifu unaojulikana. Baadaye habari hiyo ilifupishwa mitaani hadi ikabaki namba moja, saa 10,000, kana kwamba saa ndizo dawa. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja, wakakuta kwamba katika michezo mazoezi ya makusudi yanaeleza takriban asilimia 18 ya tofauti za ubora kati ya mtu na mtu. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba miongoni mwa wanamichezo wa daraja la juu kabisa sehemu hiyo inashuka hadi kama asilimia 1.

Namba hizo husomwa vibaya. Hazisemi kwamba mazoezi yatakupa asilimia 18 ya gofu yako. Zinawalinganisha watu tofauti, wenye miili tofauti, waliokulia mahali tofauti na kuanza wakiwa na umri tofauti. Mchezaji wa ridhaa anayejali handikapu yake halinganishwi na jirani. Analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwaka jana, mwenye mwili uleule, urefu uleule, kipaji kilekile na uwanja uleule. Mambo hayo yote yakishasimama mahali pamoja, kinachobaki cha kubadilika ni kidogo, na mazoezi ndiyo sehemu yake kubwa. Kwa wanamichezo wa juu kabisa, wote tayari wanafanya mazoezi mpaka basi; hakuna mwenye nafasi ya kumzidi mwenzake kwa saa. Wachezaji wengi wa ridhaa katika klabu zetu hawafanyi mazoezi kabisa. Wanacheza raundi, kisha wanaita raundi hiyo mazoezi.

Kuna mtu aliyelipima jambo hili kwa mwili wake. Dan McLaughlin, mpiga picha wa Portland, Oregon, aliacha kazi mwaka 2010 akiwa na miaka 30, akiwa hana historia yoyote ya maana katika gofu, akakusudia kutimiza saa 10,000 za mazoezi. Alianza kwa kusukuma mpira kwenye grini tu, karibu kabisa na shimo, akawa anarudi nyuma kidogo kidogo, na miezi ikapita kabla hajashika fimbo ndefu. Handikapu yake ilifika 2.6. Kisha mgongo ukamkatalia, na safari ikasimama akiwa amevuka nusu ya saa alizokusudia. Wengi husimulia habari yake kama hadithi ya kushindwa. Mimi naona imejibu swali letu vizuri kuliko alivyokusudia. Nchini Marekani wastani wa handikapu ya wanaume ni kama 14, ya wanawake kama 28, na humo wamo watu waliocheza miongo mitatu. Mtu mzima aliyeanza bila kitu aliwapita kwa miaka michache, kwa mazoezi yenye mpango na mwalimu. Upande wa pili, mwili wake umetuonyesha kikomo. Mgongo wa chini ndio unaowaumiza zaidi wachezaji wa ridhaa, na anayejaribu kufidia wiki tatu za uvivu kwa mipira 200 ya alasiri moja anauita ugonjwa nyumbani.

Hilo linatupeleka kwenye ukawaida, na ushahidi ninaoupenda kuliko wote hapa haukutoka kwenye gofu kabisa. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakifundishwa kupiga chapa. Kundi moja lilifanya saa moja kwa siku. Jingine lilifanya saa mbili asubuhi na mbili mchana. Kundi la saa moja lilihitaji karibu saa 35 kuvimudu vibonye vya mashine, na kundi la saa nne lilihitaji karibu saa 50. Kazi ileile, vidole vya aina ileile, tofauti ya saa 15, kwa sababu tu ya namna muda ulivyogawanywa. Na bado waliofaidika zaidi ndio walioridhika kidogo na ratiba yao, maana kwa kalenda waliona wanachelewa. Mcheza gofu anayejua habari hii hawezi tena kujivunia saa nne za Jumamosi kwenye renji, kiwanja cha mazoezi, huku siku nyingine sita fimbo zikiwa kwenye buti la gari.

Sasa, afanye mazoezi ya nini? Kwa miaka mingi walimu wa gofu walihubiri kwamba mchezo huamuliwa kwenye grini, hivyo mtu atumie muda wake mwingi kusukuma mipira mifupi. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, alilikagua fundisho hilo kwa takwimu za mapigo mengi ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, akaeleza matokeo katika kitabu chake *Every Shot Counts* cha mwaka 2014. Alikuta kwamba takriban theluthi mbili za tofauti ya mikwaju kati ya wachezaji wa viwango mbalimbali hutokana na mapigo marefu, yaani pigo la kuanzia na lile la kuufikia uwanda wa grini. Mapigo ya karibu na kusukuma, vyote pamoja, vinabeba theluthi moja. Hata wachezaji wa PGA Tour, wakiwa futi nane kutoka shimoni, huingiza nusu tu. Mtu anayemaliza raundi kwa mikwaju 90 huipata nusu hiyo akiwa kama futi tano. Tofauti yao ipo, lakini si bahari. Bahari iko nyuma, pale mmoja anapoweka mpira katikati ya njia na mwenzake anautafuta msituni.

Hata hivyo sikubaliani na wanaochukua hesabu hizo na kuhama grini moja kwa moja. Broadie alipima tofauti inatoka wapi. Mwenye saa mbili kwa wiki anapaswa kuuliza pia ni wapi saa yake itazaa upesi, na pigo refu hujifunzwa polepole, kwa mwalimu na kwa gharama. Mapigo ya mita 20 yanamtaka mtu nguvu kidogo, hayaumizi mgongo, na kwa mwanachama wa klabu hayana ada ya ndoo ya mipira. Ushauri wangu kwa mwenye handikapu kati ya 18 na 28 ni aanze kwa kufuta mapigo yanayompotezea mkwaju mzima bila kuuhamisha mpira: kuchota ardhi karibu na grini, kuacha mpira mchangani, kusukuma mara tatu, na ule mpira wa kwanza unaotoka nje ya mipaka. Huo wa mwisho ndio ghali kuliko yote, maana unahesabiwa mkwaju wa adhabu na bado unarudi kupiga ulipokuwa.

Namna ya kufanya mazoezi ina siri zake. Nenda renji yoyote mwisho wa wiki utamwona mtu ametega ndoo ya mipira miguuni, ana draiva mkononi, anapiga mpira baada ya mpira bila kuinua macho mpaka mmoja uende vizuri. Huo ukienda anaharakisha kupiga mwingine kwa namna ileile. Kufikia mpira wa 40 anapiga vizuri kweli. Keshoye kwenye shimo la kwanza yote yamepotea. Hakurogwa. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walionyesha kwamba wanaorudia zoezi moja mfululizo hufanya vizuri wakiwa mazoezini, ila wanaochanganya mazoezi hukumbuka zaidi baadaye wanapopimwa. Uwanjani hakuna pigo linalofuatwa na pigo jingine la aina ileile kutoka mahali palepale. Anayetaka renji imsaidie achague shabaha moja kwa kila mpira, abadilishe fimbo kila mara, asimame nyuma ya mpira na kupumua kama afanyavyo kwenye raundi, na ndoo ya mipira 50 imchukue saa nzima. Jambo dogo lakini lenye nguvu ni mahali pa kuelekeza akili. Gabriele Wulf na wenzake, mwaka 1999, waliwafundisha wanaoanza gofu mapigo mafupi. Walioambiwa wafuatilie mwendo wa fimbo walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafuatilie mwendo wa mikono yao. Ukiwa na maelekezo matano ya mabega, viwiko na magoti kichwani, fimbo haina wa kuisimamia.

Kwetu Afrika Mashariki kuna shule moja ya gofu ambayo hatuihesabu kama shule. Ni makedi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Tanzania na Uganda walianza kwa kubeba mikoba ya fimbo za wengine, na Dismas Indiza wa Mumias, mmoja wa majina makubwa ya gofu ya Kenya, ni miongoni mwao. Utotoni kedi hana renji, hana ndoo, mara nyingi hana seti ya fimbo. Alicho nacho ni kuwa uwanjani karibu kila siku, akitazama mamia ya mapigo na matokeo yake, akijua mpira ukitua upande gani wa grini unateremka na upande gani unakaa. Jioni anapata fimbo ya kuazima na mipira miwili mitatu ya zamani, anacheza dau dogo na wenzake, kila pigo likiwa na maana. Hayo ni mazoezi ya kila siku, yaliyochanganywa, yenye jibu papo hapo. Mwanachama anayetaka kushuka amsikilize kedi wake zaidi. Akiambiwa, "Mzee, chukua saba, tua mbele ya mchanga," hilo ni somo la mikwaju miwili linalotolewa bure, na wengi hulikataa kwa sababu wanajiona wana draiva mpya.

Jiografia yetu pia inaingia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali kuliko pwani kwa kama asilimia sita. Fimbo inayopeleka mpira mita 150 Lugalo, Dar es Salaam, au Nyali, Mombasa, inaweza kukaribia mita 160 kule Karen au Muthaiga, Nairobi. Mchezaji wa Nairobi anayeshuka Mombasa kwa mashindano ya Pasaka akitumia umbali wake wa nyumbani atabaki mfupi wa grini siku nzima, kisha aseme mkono wake umeharibika. Mazoezi yake hayana kosa, hakuyapima upya.

Umri nao unadai haki yake. Aliyefika miaka 60 anapoteza umbali mwaka hadi mwaka, na kwake handikapu iliyosimama pale pale ni ushindi mkubwa wa mazoezi, hata kama hakuna atakayempigia makofi.

Kwa mwenye 20 tuliyeanza naye, naamini ratiba ya kawaida, isiyokatika kwa mwaka, chini ya jicho la mwalimu mara moja moja, inatosha kumfikisha karibu na 15. Kutoka hapo kwenda chini ya 10 kutamtaka muda mwingi zaidi kwa kila mkwaju anaoupunguza, na kuna watu wengi wenye furaha ambao hawatafika huko. Kamati za klabu zinaweza kusaidia kwa kuacha grini za mazoezi wazi mpaka giza liingie na kuwaruhusu makedi na watoto wazitumie. Wewe msomaji, kama una saa tatu tu kwa wiki, zigawe: dakika 40 Jumanne, dakika 40 Alhamisi, zilizobaki mwisho wa wiki. Na kadi ya Jumapili irudishe klabuni hata kama imekuharibia siku.